Maswali ya Mieleka: Msianzie Mwisho

Nusu ya maswali ya wiki hii ni swali moja. Naanza nalo lipite.

Mieleka ni ya kweli au maigizo? (Wengi mno, Ngamiani hadi Pongwe)

Mshindi hupangwa kabla. Ulingo ni mbao juu ya vyuma na kigodoro chembamba, na anayeangushwa hapo kaangushwa kweli. Tusirudie.

Kwa nini watu walewale wapigane mara tatu, mara nne? Si wamalizane siku moja? (Msomaji, Makorora)

Bondia hana nafasi ya kuweka akiba. Mwakinyo wetu alipommaliza Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham mwaka 2018, nani angemwambia abakize kitu kwa ajili ya marudiano? Mpangaji wa mieleka anaweza, na kazi yake kubwa ndiyo hiyo: kuamua nini kisitolewe leo.

Chukua Kazuchika Okada na Kenny Omega, Japani. Januari 4, 2017 walipigana zaidi ya dakika 46, Okada akashinda, na Omega hakufanikiwa hata mara moja kumpiga pigo lake la kumalizia, One-Winged Angel. Watu wakaondoka na swali: je, lingempata? Juni likampata, lakini mwamuzi akimhesabia Okada mabega yakiwa chini, mguu wake ukafika kwenye kamba, hesabu ikakatika kabla ya tatu, na dakika 60 zikaisha bila mshindi. Agosti, kwenye mashindano ya G1 yenye ukomo wa dakika 30, likampata tena na safari hii Okada akahesabiwa hadi tatu, akashindwa. Sasa Omega kashinda, ila mkanda wa ubingwa wa Okada haukushindaniwa siku ile. Ndipo Juni 9, 2018, Osaka: mkanda upo, muda hauna ukomo, na mshindi ni wa kwanza kumwangusha mwenzake kwa hesabu ya tatu mara mbili kati ya tatu. Baada ya dakika zaidi ya 64 Omega akautwaa mkanda ambao Okada alikaa nao siku 720.

Kila pambano liliondoa kisingizio kimoja na kuacha kingine. Ukomo wa muda uliondolewa mwaka 2018 kwa sababu saa ndiyo iliyowanyima jibu mwaka 2017, si pambo. Mifululizo mingi huharibikia hapa: pigo la kumalizia linapigwa mara nne na mtu anainuka mara nne, marudiano yanaisha vilevile, au kizimba cha chuma kinaletwa pambano la kwanza. Kizimba kina maana adui akishakimbia ulingo na wenzake wakishaingilia. Kikiwahi, ni waya tu, na mpangaji hana tena pa kupanda.

Steringi anapigwa weee, halafu dakika za mwisho ndiyo anaamka. Si upuuzi? (Mama wa watoto watatu, Chumbageni)

Hapana, mama. Adui huchagua kiungo kimoja, tuseme goti, akalitesa hilohilo. Wewe tazama steringi anapoamka: anachechemea? Na mwezi ujao, anakuja na goti limefungwa bendeji, adui akalifuata moja kwa moja? Basi hadithi ipo. Akiruka kutoka kamba ya juu kama vile hakuguswa, mmeibiwa hizo dakika zote, na wanao watatu wana haki ya kulala mapema.

Nimeona kwenye simu Undertaker akimstaafisha Shawn Michaels. Mbona watu wanalia, Michaels si ndiye aliyemzaba kibao? (Kijana, Mikanjuni)

Ndiyo shida ya vipande vya dakika mbili, mdogo wangu. Michaels alishindwa WrestleMania ya 2009, akaomba marudiano, akakataliwa. Februari 2010 akaibuka kutoka chini ya kizimba, akamtandika Undertaker teke lililomkosesha mkanda. Undertaker akakubali kwa sharti: ukishindwa, unaacha kazi. Kibao kile ni cha mtu aliyekwisha kushindwa na hataki kuonewa huruma. Anza na 2009.

Kibandani kwetu tunawekeana dau nani atashinda. Ushauri? (Msomaji, Makorora)

Mnachoonyeshwa ni marudio. Aliyekubali dau haraka alishaona matokeo jana.

Watoto wanapigana Tombstone, lile pigo la kumbeba mtu kichwa chini na kumshusha, kwenye mchanga wa Raskazone. Mchanga si laini? (Mzazi)

Wakataze leo. Anayebebwa kichwa chini anategemea kitu kimoja: kichwa chake kiwe juu kidogo ya magoti ya aliyembeba, ili magoti yatue kwanza. Kikining'inia chini ya hapo, uzito wote unashukia shingoni, na mchanga uliolowa ni mgumu. Agosti 1997, SummerSlam, Owen Hart alimbeba Stone Cold Steve Austin hivyohivyo, akatua kwa kukaa badala ya kupiga magoti. Kichwa kilikuwa kimeshuka mno, na Austin akaumia shingo mbele ya umati. Hao walikuwa mabingwa wenye miaka ya mazoezi. Mtoto akishaangukia kichwa na akasema mikono imekufa ganzi, msimwinue wala kumkalisha. Mshikilieni kichwa kisitikisike na mwite msaada wa hospitali.