Shule yataka mkojo wa mwanangu

SWALI: Wakili, habari yako. Kijana wangu yuko kidato cha tatu, shule ya serikali ya kutwa hapa Nairobi. Kwenye mkutano wa wazazi mkuu wa shule alitangaza kwamba muhula ujao kila mwanafunzi atapimwa mkojo, na atakayepatikana na bangi atafukuzwa. Tulipouliza sheria iko wapi, tukaambiwa hata Marekani mahakama imeruhusu. Mwanangu hajawahi kushukiwa. Wana haki hiyo?
Mama wa Umoja

JIBU: Mama, hiyo ya Marekani mmesimuliwa nusu. Mwaka 1995, katika kesi ya Vernonia, Mahakama ya Juu ya huko iliruhusu kupimwa kwa wanamichezo wa shule. Mwaka 2002, kwenye kesi ya Earls kutoka jimbo la Oklahoma, ikaongeza wanafunzi wa shughuli za nje ya masomo, tena kwa majaji 5 dhidi ya 4. Aliyepatikana na dawa za kulevya aliweza kuondolewa kwenye shughuli hizo tu. Masomo aliendelea nayo, na polisi hawakupewa matokeo. Kesi zote mbili hazikuhusu kumpima kila anayeingia darasani.

Na hata zingehusu, Umoja haiko Oklahoma. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, mtoto akiwemo. Haki hiyo yaweza kupunguzwa, ila kifungu cha 24 kinataka iwepo sheria inayoruhusu, na haki isipunguzwe kupita kiasi. Tangazo la mkuu wa shule si sheria. Isitoshe, matokeo ya kipimo ni habari za afya za mtoto, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kwa kawaida hudai idhini ya mzazi.

Linalonikera hasa ni hilo la kufukuza. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hakiruhusu mtoto afukuzwe kabla hatua nyingine zote hazijashindikana na yeye na mzazi wake kusikilizwa. Vile vijiti vya mkojo hukosea, ndiyo maana maabara huthibitisha. Mtoto akinaswa na msokoto mfukoni, hapo nitaongea lugha nyingine.

Usitie sahihi fomu yoyote kwa kuona haya mbele ya wazazi wenzako. Iandikie halmashauri ya shule, uliza wanatumia sheria gani, nani atapima na matokeo yatawekwa wapi. Nakala ipeleke ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na yako igongwe muhuri.