Uhakiki wa filamu: usihesabu vyanzo, fuata vilikotoka

Mdogo wangu wa Wete, umeuliza jambo ambalo mimi lilinipotezea karibu mwaka mzima. Unataka kuandika makala ya Kiswahili juu ya wale vijana wa Ufaransa waliogeuza uhakiki wa filamu miaka ya 1950, umekusanya kurasa kumi na mbili za intaneti na video moja ya mwalimu, na hujui uamini ipi. Mimi nilikuwa natafuta mambo ya hapa hapa Unguja, namna watu wetu walivyokuwa wakizijadili picha walizotoka kuziangalia sinema, lakini mtego ni mmoja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuhesabu. Nilikuta sentensi moja juu ya sinema ya Majestic ya Vuga imeandikwa mahali saba, nikaona basi, imethibitika. Siku moja nikazipanga zote saba nikazisoma kwa sauti. Maneno yale yale, hata jina la mtaa limekosewa herufi ile ile. Sita zilinakili kwa moja, na hiyo moja ilikuwa ya kampuni ya kutembeza watalii, haikusema imeyatoa wapi. Kwa hiyo nilikuwa na shahidi mmoja tu, na mwenyewe hakuwepo. Kurasa zako kumi na mbili zifanyie hivyo kwanza. Huenda zikabaki mbili.

La pili nililipata kwa ami yangu, ambaye tangu kijana alikuwa haikosi picha ya Kihindi. Barazani alinisimulia mara nyingi picha iliyomliza pale sinema ya Empire, na mwaka akiutaja bila kusita. Nikauandika. Baadaye akanitolea daftari lake la zamani, jalada limeliwa na mende pembeni. Mna kila picha aliyoiona: tarehe, jina la sinema, bei ya tikiti, na mstari mmoja wa hukumu yake. “Nyimbo nzuri, mwisho wa haraka.” Ile iliyomliza nayo imo, lakini imeandikwa Majestic, tena miaka miwili kabla ya ule aliokuwa akiutaja. Nikamuonesha. Akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya mstari, akanyamaza kitambo. “Mwandiko ni wangu,” akasema. “Andika la daftari, mwanangu.”

Ami hakunidanganya. Alikuwa ameisimulia picha ile kwa miaka mingi hata kumbukumbu zikaingiana. Sasa waangalie hao Wafaransa wako. Truffaut, Godard, Rivette, Rohmer na Chabrol walianza kwa kuandika uhakiki, kisha wakawa waongozaji wa filamu wenye majina makubwa. Mahojiano waliyotoa miaka mingi baadaye ndiyo barazani kwa ami. Makala zao za wakati ule katika Cahiers du Cinéma, jarida lililoanzishwa 1951, ndilo daftari.

Mfano ulio hai: utasoma kila pahali kwamba “politique des auteurs”, yaani sera ya watunzi, ile fikra kwamba muongozaji ndiye mtunzi wa kweli wa filamu, ilianza na makala ya Truffaut ya Januari 1954. Makala hiyo kweli iliwasha moto, aliishambulia sinema ya Ufaransa ya siku zile bila kumuonea mtu haya. Lakini jina lenyewe liko kwenye kichwa cha makala yake nyengine, ya Februari 1955. Anayekuchanganyia hizo mbili huenda hajaifungua hata moja. Tena mhakiki Andrew Sarris alipoipeleka fikra hiyo Marekani mwaka 1962 aliiita nadharia. Sera na nadharia si kitu kimoja: sera ni msimamo unaouchagua, nadharia inataka ithibitishwe. Ukitegemea maandishi ya Kiingereza peke yake, tofauti hiyo itakupita.

Hata hivyo usiwaachie wenyewe peke yao. Maneno ya mwanaharakati yanathibitisha kwamba aliyasema. Hayathibitishi kwamba harakati yake ilikuwa na uzito kwa watu wengine. Kwa hilo mimi namtafuta mpinzani. Pauline Kael, mhakiki mwenzake wa huko huko Marekani, alimjibu Sarris mwaka 1963 kwa makala ndefu na kali sana, na mtu hapotezi wino wote ule kupinga kitu kisichokuwepo. Bora zaidi ni wa ndani anayewakanya wenzake. André Bazin, mmoja wa waanzilishi wa jarida lile, Aprili 1957 aliwaonya vijana wake humo humo kwamba wanakaribia kumuabudu muongozaji. Mimi shahidi wa namna hiyo namthamini kuliko wote, kwa sababu hakuwa na la kufaidika kwa kusema vile.

Kwa upande wa magazeti ya zamani, nilipokuwa nakwenda Nyumba ya Nyaraka kule Kilimani nilijifunza kusoma tangazo la sinema kwa kiasi chake. Linakwambia picha ilitangazwa siku hiyo. Kwamba watu walijaa, au waliipenda, hilo halisemi. Daftari la ami nalo linasema alivyoona yeye, si alivyoona mji mzima, na nilipoandika nililitaja hivyo hivyo.

Ile video ya mwalimu uliyoitaja usiitupe. Chukua majina na tarehe zake uzitumie kutafutia, ila usiinukuu. Anza na makala ya Bazin ya 1957. Ukiipata ilete hapa, Kifaransa kikikushinda tutaisoma pamoja.