Mgeni Zanzibar hakosi sikukuu

Dada yangu wa Bukavu, umesema umepata kazi Unguja na unaogopa siku za sikukuu zitakukuta mpweke. Mimi nimetoka Kadutu, hapo hapo Bukavu, na sasa naishi huku Unguja, ondoa wasiwasi kabisa.

Ukifika tu, uliza tarehe ya Mwaka Kogwa. Unafanyika Makunduchi, kusini ya kisiwa, kila mwezi wa 7. Ni Nairuzi, mwaka mpya wenye asili ya Uajemi. Wanaume wanachapana kwa migomba hadi maji yake yanawarukia usoni, na ugomvi wa mwaka mzima unaishia hapo. Kisha kibanda cha makuti kinatiwa moto, aliye ndani anachomoka mbio, umati unashangilia! Wanawake nao wamependeza kwa kanga, wanaimba. Ila ninachokipenda zaidi ni hiki: kwa wenyeji, nyumba isiyopata mgeni siku hiyo si dalili njema. Kwa hiyo wewe mgeni ndiwe unayetafutwa. Ukiitwa kula, nenda.

Idi pia ni tamu, jioni watoto wenye nguo mpya wanajaa viwanja vya Mnazi Mmoja. Ramadhani usile barabarani mchana, na siku zote funika mabega na magoti. Noeli misa ipo, kanisa la Mtakatifu Yosefu, Mji Mkongwe. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, ndizo hutaziona, kwa hiyo beba zilizokauka za kutosha, na ukumbuke jirani zako.