Muulize Fundi: Waya za sensa ya joto hazifiki dashibodini

SWALI: Shikamoo fundi. Najenga ndege ndogo ya viti viwili hapa Isevya, Tabora. Injini ni Lycoming ya silinda nne. Waya za sensa za joto za silinda hedi, yaani kichwa cha silinda, ni fupi. Naweza kuziunga kwa waya wa kawaida wa umeme?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, waya huo wa kawaida ni wa shaba, usiuguse. Sensa hizo ni themokapo: metali mbili tofauti zilizounganishwa nchani, zinazotoa umeme mdogo sana zikipata joto. Ukiunga kwa shaba, geji haijui kwamba pale kwenye kiungo pana joto. Tuseme kiungo kiko nyuma ya injini kwenye nyuzi 70, na dashibodini ni 30. Geji itasoma pungufu kwa takriban nyuzi 40. Utaona 225 utulie, kumbe silinda imefika 265, na kikomo cha Lycoming nyingi ni 260! Hili linanitia hofu kweli, maana Tabora iko juu ya mita 1,100, hewa ni nyepesi haipozi injini vizuri, na Oktoba jua halina huruma.

Nunua waya wa kurefushia wa aina ileile ya sensa: J na K ni aina za themokapo kulingana na metali zake, basi J kwa J, K kwa K. Angalia rangi pia: kwa mpangilio wa Kimarekani, mwekundu ni hasi. Mafundi wengi wa umeme wa magari huugeuza hapo.

Kwa sensa za ekzosi, toboa bomba la ekzosi sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye silinda, umbali uleule kwa zote nne, la sivyo huwezi kuzilinganisha.