Maji ya Moto Yamekataa: Maswali Yenu ya Hita, Chumvi na Shawa

SWALI: Fundi habari ya kazi. Sisi tuko upande wa Elementaita, tuko na trela ya kulala ya Kimarekani tuliyonunua kwa wamishonari waliokuwa wanarudi kwao. Tumeiegesha shambani na wageni wa wikendi wanalala humo. Shida ni maji ya moto. Kwanza yalianza kutoka vuguvugu tu hata ukingoja, alafu siku hizi upande wa moto unatoa maji kidogo sana na upande wa baridi uko sawa, vichujio vya mifereji vinajaa vipande vyeupe, na hita ikiwaka inalia pa pa pa huko ndani. Plumba alikuja akaangalia akasema hita imekufa tununue ingine, na hiyo ingine lazima iagizwe nje. Maji yetu ni ya kisima. Tufanye aje? – Mama wa Wageni, Elementaita

JIBU: Mama, usiagize kitu bado. Hita iliyokufa inatoa maji baridi, yako inatoa vuguvugu na inapiga kelele, manake moto unawaka na joto linapatikana, ni vile tu kuna mahali linapotelea. Inaniuma kuona watu wanaambiwa watupe kitu kizima kwa sababu fundi hakutaka kulala chini ya trela nusu saa, kwa hivyo wacha tuende pole pole.

Anza na hiyo ya vuguvugu, na usianze na chumvi, yaani hivyo vipande vyeupe. Hizi trela zimetengenezewa nchi za baridi kali, maji yakiganda ndani ya tangi yanalipasua, kwa hivyo wakaweka valvu za kuruka hita ili wakati wa baridi mabomba yajazwe dawa ya kuzuia kuganda bila kujaza tangi. Ziko nyuma ya hita, ndani ya trela, kwa kawaida chini ya kitanda au nyuma ya kabati, mara zingine moja, mara zingine mbili au tatu. Kama ile ya katikati imeachwa wazi hata nusu, maji baridi yanapita kando ya tangi na kukutana na ya moto njiani, na hapo hata uwashe hita usiku kucha mgeni ataoga vuguvugu. Shika bomba linalotoka juu ya tangi, kwa uangalifu, kama hapo linachoma lakini mferejini ni vuguvugu basi jibu umepata, maji yanachanganyika. Alafu angalia ile shawa ndogo ya nje kama trela yako iko nayo. Watu wanaifunga pale kichwani tu na kuacha mifereji yake miwili wazi, sasa moto na baridi vinakutana humo ndani kimya kimya. Funga yote miwili. Hii haina gharama yoyote na ndo maana nataka uifanye kabla hujatoa hata shilingi.

Sasa hiyo ya maji kutoka kidogo upande wa moto peke yake. Pale maji yanapotoka kwa tangi kuna valvu ndogo ya kuzuia maji kurudi nyuma, ndani yake kuna kispringi, na vipande vyeupe vinapenda sana kukwama hapo. Fungua, toa uchafu, kama imeharibika weka ingine, hizo plumba anaweza kukutafutia mjini Nakuru. Fungua pia vichujio vya mifereji na kichwa cha shawa, viloweke kwa siki nyeupe usiku mmoja.

Hiyo kelele ndo chumvi yenyewe inaongea. Maji ya kisima yanabeba kalsiamu na magnesiamu iliyoyeyuka, yakiwa baridi huoni kitu, ukiyapasha ile hewa iliyokuwa inashikilia kalsiamu inatoka na kalsiamu inabaki kama jiwe, inajipaka kwa elementi na kwa lile bomba la moto wa gesi linalopita ndani ya tangi. Maji yanayonaswa chini ya ukoko huo yanachemka peke yake na kulipuka kidogo kidogo, ndo unasikia kama bisi kwenye sufuria. Ukoko ukiwa mnene joto halifiki kwa maji haraka, gesi inaisha bure na elementi inaungua kwa sababu haipozwi.

Kabla ya kununua dawa fanya kajaribio. Chukua kipande kimoja cheupe, kidondoshee siki. Kikitoa povu, hiyo ni chokaa na asidi ya jikoni itaimaliza. Kisipotoa povu kabisa huenda ni silika, ambayo sisi watu wa Bonde la Ufa tunayo kwa sababu maji yetu yanapita kwa miamba ya volkano, hata kule Olkaria kwenye umeme wa mvuke silika ni kitu wanapambana nacho kwa mabomba. Silika siki haiiguzi, hiyo utaitoa kwa kusukuma na maji tu.

Kazi yenyewe sasa. Zima gesi, zima umeme wa hita, alafu acha maji yapoe kabisa, ikiwezekana usiku mzima, kwa sababu hilo tangi linashika kama lita 23 za maji yanayofika nyuzi 54 mpaka 60 na yako chini ya presha. Funga maji yanayoingia, fungua mfereji wa moto, inua kile kijiti cha valvu ya presha huko nje ndo hewa iingie, hapo tu ndo unafungua plagi ya chini. Tafadhali usibadilishe huo mpangilio, mtu akifungua plagi tangi likiwa na presha ataungua uso.

Plagi ikitoka itakuambia uko na tangi gani. Kama imekuja na fimbo ndefu, hilo ni tangi la chuma, mara nyingi la kampuni ya Suburban, na hiyo fimbo ni anodi, kazi yake ni kuliwa na maji ili tangi lisiliwe. Ikiwa imebaki nyembamba, robo tu ya vile ilikuwa, badilisha. Hicho ndo kitu kimoja kinafaa kuagizwa, na ni kidogo sana ukilinganisha na hita nzima. Kama ni kiplagi kifupi cha plastiki basi tangi ni la alumini, kama yale ya kampuni ya Atwood, hilo halitaki fimbo, usilazimishe.

Alafu osha ndani. Tafuta kipaipu chembamba cha kopa kwa mafundi wa friji, kikunje kidogo mbele, kiunge kwa hozipaipu na ukiingize kwa hilo tundu ukizungusha, utashangaa vile magamba yatamwagika. Ukimaliza ndo unaweka asidi. Ya bei nzuri ni ule unga wa sitriki wanaouza kwa vitu vya keki na juisi, gramu 50 kwa kila lita, uyeyushe kwa jerikeni ya maji ya uvuguvugu. Siki nyeupe nusu na maji nusu pia inafanya, na kwa tangi la alumini mimi ningechagua siki na niiache masaa machache tu. Tangi la chuma waweza kuacha hata usiku mzima lakini toa fimbo kwanza na uweke plagi ya kawaida ya inchi robo tatu, asidi inakula magnesiamu ya fimbo haraka sana. Kuingiza, trela nyingi ziko na kipaipu kando ya pampu cha kunyonya ile dawa ya baridi kutoka kwa mtungi, kitumbukize kwa jerikeni na uwashe pampu. Kama hakipo, fungua bomba la maji baridi nyuma ya hita, unga paipu, inua juu umimine na faneli huku valvu ya presha iko wazi hewa itoke.

Usitumie asidi ya choo au ya betri, hiyo itakula tangi pamoja na chumvi. Na kama umezoea kusafisha matangi na Jik, usiichanganye na siki wala sitriki hata kidogo, inatoa gesi ya klorini na huko ndani ya trela hakuna mahali pa kukimbilia. Suuza mpaka harufu ya uchachu iishe kabisa.

Ukimaliza rudisha plagi na tepu nyeupe, ile ya fimbo kama tangi ni la chuma, fungua maji, ngoja mferejini yatoke mfululizo bila kukohoa hewa, hapo ndo unajua tangi limejaa. Elementi ikiwashwa kwa tangi tupu inaungua kwa dakika chache. Na hapo kwa umeme nikuulize, trela ya Kimarekani ni ya volti 120, elementi yake ni kama wati 1,440. Kama kuna mtu ameiunganisha moja kwa moja kwa stima yetu ya 240, volti zikirudiwa mara mbili nguvu inakuwa mara nne, elementi inajaribu kutoa karibu wati 5,760 na inakufa papo hapo. Lazima kuwe na transfoma ya kushusha, na iwe kubwa, wati 2,000 kwenda juu, hizi ndogo za redio zitawaka moto. Kama hauna uhakika tumia gesi peke yake mpaka fundi wa stima aangalie.

Baada ya hapo dawa ya kudumu ni maji yenyewe. Uko na mabati, weka gata na tangi la mvua la hiyo trela peke yake, maji ya mvua karibu hayana kalsiamu kabisa na hita itakaa miaka bila kelele. Wakati wa kiangazi ukirudi kwa kisima, mwaga tangi la hita kila wageni wakiondoka kwa muda mrefu.

SWALI: Fundi, mimi niko Kisumu, nyumba ya kupanga Nyalenda. Instanti shawa inanipiga shoti nikishika mfereji, sio kali lakini inashtua, na maji yanatoka nyuzi nyuzi tu. Landlodi anasema ni kawaida. Alihamia maji ya kisima majuzi, kitambo yalikuwa ya kampuni. – Mpangaji

JIBU: Si kawaida, ndugu, na acha kuioga leo. Zima swichi yake, oga na beseni mpaka irekebishwe.

Shawa nyingi za aina hii elementi yake iko uchi ndani ya maji, kinachokulinda ni waya wa athi, ule wa kupeleka stima inayovuja ardhini. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayabebi madini mengi. Ya kisima yakiwa na chumvi yanapitisha stima vizuri zaidi, kwa hivyo kasoro ya athi iliyokuwa imelala ndo hiyo imeamka. Mwambie landlodi alete fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya kusimamia nishati, aangalie kama huo waya wa athi umeungwa kweli na kama unafika chini, maana mara nyingi unakatwa na kufichwa nyuma ya shawa. Aweke pia breka ya kukata stima ikivuja, ya miliampia 30. Na apime nyaya, shawa ya wati 5,500 inavuta karibu ampia 23, ikiwa imeungwa kwa nyaya za taa zitayeyuka ukutani. Kwa maji ya chumvi kuna shawa zinazouzwa madukani kwa ajili hiyo, uliza hivyo hivyo dukani.

Hizo nyuzi nyuzi ni matundu yameziba. Stima ikiwa imezimwa, fungua kile kisahani cha chini, kiloweke kwa siki, kisugue na mswaki wa zamani.

SWALI: Sisi tuko Njoro, watoto wanatoka meno ya kahawia. Nikisafisha tangi na birika na siki vile unafundishanga, itasaidia? Tunachemsha maji ya kunywa kila siku. – Baba wa Wawili

JIBU: Pole baba, na hapana, hii si chumvi ya birika. Hiyo rangi inaletwa na floridi, na visima vingi vya upande wetu wa Nakuru viko nayo kuliko kile kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Siki haiitoi. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini floridi haipungui, maji yakipungua kwa mvuke inabaki nyingi zaidi kwa kila kikombe.

Meno ya mtoto yanaumbika ndani ya ufizi mpaka kama miaka minane, kwa hivyo wa umri huo ndo wa kukimbilia kwanza. Wape maji ya mvua ya kunywa na ya kupikia, ya kisima yabaki ya kufua na kuoga, na hayo ya mvua bado uyachemshe. Kama mvua haitoshi kuna machujio ya mkaa wa mifupa, Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilifanya kazi kubwa sana kwa hiyo teknolojia, au ile mashine ya kuchuja kwa utando. Lakini mkaa unachoka, lazima ubadilishwe, usinunue chujio kwa mtu ambaye hawezi kukuambia utabadilisha lini. Na peleka sampuli ya kisima ipimwe maabara floridi, mwambie na jirani mnayechota pamoja, watoto wake wanakunywa hayo hayo.