Kitabu cha picha kuhusu chakula na mji wa Kisumu: anza na karatasi, si kamera

Wengi wanaotaka kutoa kitabu cha picha kuhusu vyakula vya Kisumu na maisha ya mji huanzia kwenye simu. Wanapiga picha mwaka mzima, simu inajaa, kisha wanamwendea mpiga chapa kuuliza bei. Mpiga chapa naye anauliza: ukubwa gani, kurasa ngapi, karatasi ya uzito gani, nakala ngapi? Rundo la picha halijibu hata swali moja kati ya hayo.

Chukua karatasi 12 za A4, zipange pamoja, zikunje katikati na uzipige pini mbili kwenye mkunjo. Umepata kitabu kitupu cha A5 chenye kurasa 48. Kitabu cha pini lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa 4, na mashine za ofseti (zinazochapa kwa mabamba) kwa kawaida huchapa kwa mafungu ya kurasa 16. Ndiyo maana 48 ni idadi nzuri: ni mafungu matatu kamili. Ukitaka 50, haiwezekani. Ukitaka 52, umezua kifungu kidogo cha kurasa nne chenye gharama yake ya maandalizi.

Kijaze kwa penseli. Ukurasa wa 1 jina la kitabu, wa 2 hakimiliki na ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu, hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, KNLS), wa 3 yaliyomo, wa 4 na 5 ramani. Vyakula 12, kila kimoja kurasa mbili, vinachukua ukurasa wa 6 hadi 29. Mji uupe kurasa 16, kuanzia 30 hadi 45. Tatu za mwisho ni za maelezo ya majina ya vyakula na shukrani. Pishi lianze kwenye ukurasa wa shufwa, ili picha na maelekezo yatazamane. Mpishi mwenye unga mikononi hataki kugeuza ukurasa. Kurasa za 24 na 25 ndizo za katikati, na hapo tu ndipo picha inayovuka mkunjo hukaa kwenye karatasi moja. Kwingineko nusu mbili za picha huchapwa mahali tofauti na zikikutana hupishana kidogo. Basi mbuta (sangara) mzima, aliyelazwa kwa urefu wake, mpe kurasa hizo, maelekezo yake yakikaa pembeni mwa picha.

Sasa kamera. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na jua la mchana hukaa utosini. Nyuso zote chini ya kofia huwa nyeusi na samaki hung'aa kama bati. Kwa kuwa saa zetu hufuata mstari ulio mashariki zaidi, jua hufika juu kabisa karibu saa saba kasoro, si saa sita kamili. Piga picha za nje kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na nusu jioni. Katika miezi ya mvua usiitegemee sana jioni, maana mawingu ya ziwa hujikusanya alasiri.

Adui mkubwa zaidi sokoni ni turubai. Chini ya turubai la buluu, nyanya za soko la Kibuye hugeuka zambarau na ngege (tilapia) huonekana amekaa siku tatu. Hakuna programu itakayorekebisha hilo vizuri, kwa sababu mwanga wenyewe hauna wekundu wa kutosha. Mwombe mwenye kibanda msogeze bidhaa hatua mbili hadi ukingoni, penye mwanga wa mbingu. Nyumbani weka sahani karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, mwanga utoke ubavuni, na upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ya A4 ili kivuli kilegee.

Ugali mweupe kwenye sahani nyeupe huidanganya kamera: inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na ugali unatoka wa kijivu. Ongeza mwanga kwenye kamera kwa nusu hadi hatua nzima (+0.5 hadi +1). Sufuria iliyoungua masizi huleta kosa la kinyume, basi punguza. Ugali upigwe picha ukitoka tu kwenye sufuria, kwani ukipoa hujitia ngozi na kupasuka. Samaki wa kukaanga hufifia baada ya dakika chache. Mpake mafuta kidogo kwa brashi. Mnavu na saga (mgagani) hugeuka rangi ya majani makavu zikikutana na nyanya na kufunikwa, kwa sababu asidi huharibu ukijani wake. Ikiwa pishi linahitaji nyanya, pika mboga peke yake, ipige picha, kisha changanya. Wanaotumia magadi au musherekha (maji ya majivu) watapata kijani kikali zaidi, lakini majani hulainika haraka, kwa hiyo punguza muda wa jikoni na uandike hivyo kwenye pishi.

Vipimo ndivyo vinavyoharibu vitabu vingi vya mapishi vya kwetu. Gorogoro, kopo la sokoni, ni kipimo cha ujazo: omena (dagaa) ya gorogoro moja haina uzito sawa na mahindi ya gorogoro hilohilo. Pima kwa mizani na uandike gramu, kisha uweke gorogoro au kikombe pembeni kwa anayekitaka. Kwa samaki, sema kama uzito ni kabla au baada ya kuparua magamba na kutoa matumbo. Muda wa kuchemsha nao hutegemea mahali. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, maji huchemka karibu nyuzi 96. Nakuru, karibu mita 1,850, ni nyuzi 94 hivi. Maharagwe na nyoyo (mahindi yaliyochanganywa na maharagwe) hukawia zaidi Nakuru, basi usiandike dakika peke yake: andika pia dalili, kwamba punje ibonyeke kati ya vidole viwili. Mpe pishi mtu asiyelijua, alipike kwa kusoma tu, nawe usiseme neno. Pale anapoinua macho kukuuliza ndipo sentensi inapokosekana.

Si kila kitu ni cha kamera. Kuchanja samaki, kukunja mikono wakati wa kusonga, sehemu za jiko la mkaa: haya mchoro huyaonyesha vizuri zaidi, kwa kuwa unaacha yasiyohitajika. Chora kwa wino usioyeyuka kwenye maji, kwa ukubwa wa mara moja na nusu ya utakavyochapwa, kisha skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi); mistari myeusi mitupu ipewe 1,200. Ramani usiinakili kutoka kwa huduma za kibiashara za simu. OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, inaruhusu, mradi uitaje. Alama ziwe zile zisizohama: mnara wa saa, kituo cha reli, Msikiti wa Jamia. Vibanda na stendi za matatu huhamishwa, na bei za nauli huchakaa kabla wino haujakauka.

Maelezo ya picha yawe na mahali na mwezi. Yawe ya kweli pia: mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950, hivyo kumwita chakula cha mababu ni kuharibu kitabu kwa neno moja. Omena huvuliwa usiku kwa taa, hasa giza la mwezi, na uvuvi wake hufungwa Aprili hadi Julai. Panga picha za ufuo wa wavuvi wa Dunga nje ya miezi hiyo. Mtu anayetambulika usoni aombwe idhini ya maandishi, kwa Kiswahili au Dholuo, na kwa mtoto, aombwe mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa na simu tu.

Ukurasa mzima wa A5 kwa dpi 300 unahitaji pikseli 1,748 kwa 2,480. Ongeza milimita 3 kila upande zitakazokatwa, inakuwa 1,819 kwa 2,551. Simu ya megapikseli 12 inatosha, lakini picha iliyopitia WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa na hutoka na ukungu; itume kama dokumenti. Maandishi yakae angalau milimita 10 kutoka ukingoni. Herufi ndogo ziwe za wino mweusi peke yake. Zikichanganywa rangi nne, mtikisiko mdogo wa mashine huzipa kivuli chekundu.

Kijani cha sukuma na buluu ya ziwa zitafifia zikitoka kwenye skrini kwenda kwenye wino. Lipia nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ileile: gramu 130 kwa mita ya mraba, isiyong'aa, ndani, 250 kwa jalada. Isome nje, kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya ofisi. Kwa nakala 100 au pungufu, dijitali hushinda kwa bei. Ukifika mia kadhaa, omba bei ya ofseti pia. Duka la vitabu litadai sehemu kubwa ya bei, mara nyingi theluthi au zaidi, basi kitabu kinachokugharimu shilingi 400 kuchapa hakiwezi kuuzwa 600.

Boksi zikifika, kabla ya kulipa salio, toa nakala tano kutoka katikati, si za juu. Hesabu kurasa, fungua 24 na 25, na usugue jalada kwa kidole gumba uone kama wino unatoka.