RNA "isiyo na kazi" au "isiyosimba protini"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandika ikisiri ya tasnifu yangu ya uzamili kwa Kiswahili, kuhusu zile RNA (molekuli ambazo seli hunakili kutoka kwenye DNA) ambazo hazitoi protini na uhusiano wake na saratani. Msimamizi wangu anataka niziite "RNA zisizo na kazi". Pia amekata sentensi yangu "RNA hizi husababisha saratani". Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba. "Zisizo na kazi" iache kabisa, maana inasema uongo. Sehemu ya DNA ya binadamu inayobeba maelekezo ya protini haifiki asilimia 2, na kwa miaka mingi kilichobaki kiliitwa taka. Lakini mwaka 2024 Victor Ambros na Gary Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua maikroRNA, vijipande vya RNA vyenye herufi za kijenetiki kama 22 hivi ambavyo havitoi protini yoyote na bado vinadhibiti jeni. Kazi vinayo, tena kubwa.

Andika "RNA zisizosimba protini", yaani zisizobeba maelekezo ya kutengeneza protini. Usiishie kwenye "zisizosimba", msomaji atauliza hazisimbi nini. Na usiseme "ambazo hazikusimba": hapo utadhani zilitakiwa kusimba zikashindwa. Umbo la "-si-" halina wakati ndani yake, kwa hiyo linafaa sana kutaja tabia ya kudumu. Umoja ni RNA hii, wingi RNA hizi.

Kuhusu "husababisha", msimamizi wako amekata panapostahili. Kiambishi "hu-" kinadai kwamba ndivyo ilivyo kwa kawaida, na "RNA hizi" inazitia zote kapu moja. Tazama maikroRNA mbili, miR-15 na miR-16. Kazi yake mojawapo ni kuibana BCL2, protini inayozuia seli kufa. Katika aina moja ya saratani ya damu, ile ya limfositi (aina ya seli nyeupe za damu) inayokwenda polepole, jeni za maikroRNA hizo mara nyingi zimefutika kwenye kromosomu ya 13. BCL2 inabaki bila wa kuibana, na seli zilizopaswa kufa zinaendelea kuishi. Hapa tatizo ni kukosekana kwa RNA. Kwa maikroRNA nyingine, miR-21, mambo ni kinyume: inapozidi, hunyamazisha jeni zinazozuia uvimbe. Basi taja RNA kwa jina na useme imepatwa na nini: "Kupotea kwa miR-15 na miR-16 huchangia kutokea kwa saratani hiyo." Sentensi imerefuka, lakini daktari akiisoma hapotoki.

Hukuuliza, ila nimeona kichwa chako cha tasnifu kina "maendeleo ya saratani". Tafadhali kibadilishe. Maendeleo kwetu ni shule, barabara na maji ya bomba; ugonjwa haupewi sifa hiyo. Kama unachunguza unavyoanza, andika "kutokea kwa saratani"; kama ni uvimbe uliokwisha kuwepo, "kukua" au "kusambaa".